Papa wa mwamba tunamlinda mchana, jarife linamvua usiku: barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi

Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi,
Serikali ya Mapinduzi Zanzibar.

Yah: Masharti ya hifadhi za bahari yamfae na papa wa mwamba

Assalaam aleikum, Mheshimiwa.

Hatuandiki kuomba papa apigwe marufuku. Tunalisema hilo mwanzo kwa makusudi, maana kila linapotajwa jambo la papa madikoni, kule samaki wanakoshushwa na kuuzwa, mtu wa kwanza kunyanyuka huulizia mchuzi wake wa papa mkavu, na wa pili huulizia riziki ya wanawe. Wote wawili wana haki. Tunachoomba ni kidogo kuliko marufuku, na kwa maoni yetu kitafaa zaidi: masharti ya hifadhi zetu yafuate saa za papa na maji yake. Mipaka tuliyonayo imechorwa kwa kutazama tumbawe, na tumbawe halihami. Papa wa mwamba huhama maji yanapojaa, huhama yanapokupwa, na jua likizama huhama tena.

Tukisema papa wa mwamba tunakusudia aina tatu. Ncha nyeusi, Carcharhinus melanopterus, ambaye pezi lake la mgongo lina ncha nyeusi tii na chini ya weusi huo pana utepe mweupe; aghalabu hazidi mita 1.6. Ncha nyeupe, Triaenodon obesus, mwembamba, mwenye pua butu, na weupe kwenye ncha ya pezi la kwanza la mgongo na ya tawi la juu la mkia. Na papa wa kijivu, Carcharhinus amblyrhynchos, mwenye kiwiliwili kinene kuliko hao, ambaye mkia wake kwa nyuma umezungushiwa weusi kama uliopakwa masizi. Majina ya kisayansi tumeyaweka kwa sababu kanuni ikisema "papa wa mwamba" tu itabishaniwa siku ya kwanza itakapofikishwa mahakamani. Kwenye diko neno "papa" hubeba samaki wengi wasiofanana kwa umbo, kwa makazi wala kwa umri wa kuzaa.

Ncha nyeusi huenda na maji. Yakiwa yamekupwa hukaa ukingoni mwa mwamba. Yakianza kujaa hupanda nayo juu ya mwamba mpaka pale ambapo mtu mzima yanamfika magotini, pezi likiwa nje, akifuata vijisamaki na pweza. Maji yakigeuka hurudi. Kwetu sisi, ambako bamvua hupandisha maji kiasi cha mita 4, safari hiyo si fupi. Kwenye visiwa vya Palmyra, katikati ya Pasifiki, watafiti waliwafunga papa hawa vifaa vya kutoa sauti wakakuta eneo la mzunguko wa mmoja ni wastani wa kilomita za mraba 0.55, mojawapo ya maeneo madogo kabisa yaliyowahi kupimwa kwa papa yeyote. Hiyo ni bahati kwetu, kwani mnyama asiyekwenda mbali hata hifadhi ndogo inaweza kumfaa. Lakini nyingine ni ndogo hasa. Mwamba uliofungwa wa Chumbe, uliotangazwa mwaka 1994 na ambao kwa maoni yetu ndio unaolindwa vizuri zaidi Zanzibar nzima, hautimii kilomita moja ya mraba. Ukichukua eneo la papa mmoja wa Palmyra ukaliweka juu ya mwamba huo, kisha ukalisogeza kidogo tu kuelekea bara au mkondoni, sehemu yake iko nje.

Ncha nyeupe ndiye anayetudanganya. Mchana hulala. Yeye anaweza kusukuma maji kwa mdomo yapite kwenye matamvua bila ya kuogelea, kwa hiyo unamkuta chini ya jabali la tumbawe, wawili watatu wamelala sambamba kama magogo, na ukirudi kesho pengine pango ni lile lile. Mlinzi wa hifadhi anayepita na boti saa nne asubuhi huandika kuwa papa wapo na hawajaguswa. Saa moja na nusu usiku wale papa hawapo tena pangoni. Wametoka, wanaingiza vichwa kwenye matundu kutafuta mkunga, pweza na samaki waliolala, wakipita chini kabisa, juu ya sakafu ya mwamba, pengine mbali na pango lao na nje ya maboya. Nyavu iliyolazwa chini wakati huo haihitaji chambo.

Papa wa kijivu hukaa upande wa nje, kwenye mteremko na kwenye milango yenye mkondo, mfano wa ule wa Njao hapa Pemba, ambako maji yanayopanda ukingoni humbeba akaokoa nguvu. Mchana huwa makundi, usiku hutawanyika. Ana tabia moja ambayo kila mzamiaji na kila anayevua kwa bunduki ya maji anapaswa kuijua: akibanwa mahali asipo na pa kutokea, huinua pua, hukunja mgongo, hushusha mapezi ya ubavuni na huogelea kwa kuyumba kusiko kwa kawaida. Ishara hiyo ilielezwa na wanasayansi tangu mwaka 1973. Anayeiona asimfuate wala asimmulike. Arudi nyuma polepole huku akimtazama, amwachie upande wa maji makuu wazi. Baadhi ya walioumwa na papa huyu walikuwa wakimwandama kwa kamera.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo papa anapotofautiana na changu na chewa. Chewa mkubwa hutaga mayai kwa mamia ya maelfu. Papa wa kijivu jike huchukua kama miaka 7 hadi 11 kufika umri wa kuzaa, hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mwaka mmoja na kupumzika mwingine, na uzao wake ni mtoto 1 hadi 6. Tuseme amebahatika: ameanza akiwa na miaka 10 na kila mara amepata wanne. Akifika miaka 20 amezaa mara sita, jumla 24, nusu yao majike, na katika hao wengi wataliwa kabla hawajatimiza mwaka. Ncha nyeusi na ncha nyeupe si tofauti sana. Uzao wao nao ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Jarife moja, ule wavu mkubwa wa kunasia samaki wakubwa, likiingia mahali wanapokusanyika wazazi, linaweza kuondoa kwa usiku mmoja kile ambacho mwamba huo utakirudisha kwa miaka kumi. Orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, tangu mwaka 2020 imemweka papa wa kijivu katika daraja la walio hatarini kutoweka, na wale wawili katika daraja linalofuata kwa chini.

Kuna wanaosema papa akiondoka mwamba mzima hufa. Sisi hatusemi hivyo, na tunaomba wasaidizi wako wasikuandikie hivyo kwenye hotuba. Papa hawa wa mwamba kwa chakula chao wanafanana zaidi na chewa wakubwa kuliko na wale papa wa bahari kuu, na nafasi yao katika mwamba bado inajadiliwa na wataalamu. Sababu ya kuwalinda haihitaji kutiwa chumvi: ni samaki wetu, wana thamani wakiwa hai na wakiwa wamevuliwa kwa kiasi, na wakiisha hapa hawaletwi na mkondo kama mabuu ya dagaa. Katika uchunguzi wa dunia uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia kamera zenye chambo kwenye miamba 371 ya nchi 58, karibu asilimia 20 ya miamba hiyo haikuonesha papa hata mmoja.

Somo lililotufanya tushike kalamu linatoka Australia. Katika Great Barrier Reef kuna kanda ambazo mtu anaruhusiwa kupita lakini haruhusiwi kuvua, na kanda chache ambazo haruhusiwi hata kuingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu papa wa kijivu na ncha nyeupe katika kanda hizo zote. Kwenye kanda zisizoingiwa papa walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Kwenye kanda za "pita lakini usivue" idadi yao haikutofautiana na mahali palipo wazi kwa uvuvi. Na hiyo ni nchi yenye ndege za doria na faini kubwa. Kwa nini? Kwa sababu uvunjaji mdogo wa sheria, ambao changu anaustahimili, papa haustahimili. Kwetu karibu hakuna kanda isiyoingiwa, na sehemu kubwa ya hifadhi zetu huvuliwa kwa masharti: Menai, Mnemba, na Mkondo wa Pemba ambao tangu mwaka 2005 umeichukua ndani yake Misali, iliyokuwa hifadhi tangu 1998. Misali ina ukanda wake wa kutovua upande wa magharibi na unaheshimiwa kwa kiasi chake, tena mafunzo ya dini yamesaidia, kisiwa chenyewe wazee wakihadithia kuwa kilikuwa msala wa Nabii Khidhri. Lakini ukanda huo umezungukwa na bahari ambayo usiku haina masharti yoyote yanayomhusu papa.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni juu ya jarife la kulaza chini. Tunapendekeza kanuni ichapishwe chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010 iseme hivi: kuanzia magharibi mpaka jua kuchomoza, jarife lisilazwe mahali penye kina chini ya pima 22, yaani kama mita 40, ndani ya mita 1,000 kutoka mpaka wa ukanda wowote wa kutovua. Kina tumekichagua kwa sababu ncha nyeusi na ncha nyeupe huwinda zaidi ndani ya kipimo hicho, na mvuvi mwenye timazi na kamba anaweza kukipima bila ya mashine. Sababu ya kuchagua saa hizo tumeshaieleza. Mita 1,000 ni kwa sababu eneo la ncha nyeusi, likichukuliwa kama duara, lina kipenyo cha mita 800 na kitu, na tumeongeza kidogo kwa ajili ya ncha nyeupe.

Jarife la kuelea maji makuu, la kuwania jodari, halimo katika ombi hili. Mshipi haumo. Dema halimo. Dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, tunaliombea jambo moja tu: kitanzi kinachoshika ndoana kiwe cha nailoni, kisiwe cha waya. Papa aliyenasa kwenye nailoni mara nyingi hukata akaenda zake. Kwenye waya hubaki mpaka afe. Ni kweli huondoka na ndoana mdomoni, na ndiyo maana ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani, ni bora: hushika pembe ya mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni.

Kanuni hiyo itashindwa kwa njia mbili tunazoziona tangu sasa. Ya kwanza ni doria. Doria ya mchana haikamati jarife la usiku, na mafuta ya boti yakigawiwa kwa mwezi kwa hesabu ya safari, kila mlinzi atachagua safari za asubuhi zenye bahari shwari. Heri safari sita za usiku kwa mwezi kuliko ishirini za mchana, na ziangukie giza la mwezi, siku ambazo nyavu haionekani na samaki. Ya pili ni maboya. Boya lililofungwa maji yamekupwa, kamba ikipimwa sawa na kina cha wakati huo, huzama yakijaa bamvua. Kesho yake mvuvi anasema hakuona mpaka, na anasema kweli. Kamba inatakiwa iwe na ziada ya mita 4 za maji kupanda na juu ya hapo kama robo ya kina kwa ajili ya mkondo. Sehemu ya chini inayogusa zege iwe mnyororo, kwa sababu kamba ikisuguana na tumbawe wakati wa kusi haimalizi msimu. Katikati ya kamba pafungwe boya dogo la kuzama, ili ile ziada isilale chini na kufagia matumbawe maji yakiwa yamekupwa. Na juu pawe na utepe unaong'aa kwa kurunzi, kwani tunazungumza juu ya usiku.

Juu ya fidia tuna neno. Ukimpa mwenye jarife fedha taslimu ili asilivulie, atanunua jingine, tena jipya. Ukimpa mashine na mshipi bila ya kulichukua jarife, atakuwa na vyote viwili. Nyavu ipokelewe diko, ihesabiwe mbele ya sheha na Kamati ya Wavuvi ya Shehia, ikatwe hapo hapo, risasi na maboya yake arudishiwe mwenyewe kwa kuwa yana bei. Na badala yake apate kitu kinachovua siku hiyo hiyo, siyo ahadi ya mafunzo.

Ombi la pili ni juu ya watoto wa papa. Ncha nyeusi hujifungulia kwenye maji madogo: kando ya mikoko, kwenye mahori na juu ya mafungu ya mchanga ambako papa wakubwa hawafiki. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 33 hadi 52, mzima kamili, ana meno na hahitaji mama, na hukaa katika maji hayo miezi kadhaa. Adui yake huko ni juya na nyavu za macho madogo zinazozungushwa mdomoni mwa hori maji yanapoanza kutoka. Vitoto hutoka na maji, vyote kwa pamoja, na kukokota mara moja kunatosha kuchukua uzao wote wa hori hilo.

Wakati wa kuzaa unaweza kujulikana bila ya maabara. Mtoto wa papa huzaliwa na kitovu, na kovu lake hubaki wazi tumboni, kati ya mapezi ya ubavuni, kwa majuma machache kabla ya kufunga na kubaki mstari mwembamba. Bwana diko akiandika kila kitoto alichokiona, kovu liko wazi au limefunga, na tarehe, basi kwa mwaka mmoja kila shehia itakuwa na kalenda yake. Kisha yale mahori yenye makovu wazi mengi yafungwe kwa nyavu miezi mitatu ya wakati huo. Tunasema kwa nyavu. Wanawake wanaoshuka pwani kuokota na kuchokoa pweza hawamdhuru mtoto wa papa, na wakikatazwa pamoja na juya kanuni itapoteza watetezi wake wakubwa. Kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kumeshazoeleka Kisiwa Panza na kwingineko Pemba. Watu wanajua maana ya kufunga na kufungua. Tofauti ni kwamba pweza hukua haraka na siku ya kufungua kila mtu anaona faida yake kwenye ndoo. Kwa papa hakuna siku hiyo, na viongozi wa shehia wasidanganywe kuwa ipo.

Papa aliyenasa akiwa hai anaweza kurudishwa, ila kwa mkono unaojua. Papa wa kijivu na ncha nyeusi hutegemea sana kuogelea ili wapate pumzi. Nyavu ikiwabana kwenye matamvua hufa upesi, na jarife la kulala usiku kucha huinuliwa wakiwa wameshakufa. Ncha nyeupe hustahimili zaidi. Akionekana anapumua, asitolewe majini kama si lazima: nyavu ikatwe kwa kisu kuanzia upande wa kichwa, si kuvutwa. Asining'inizwe kwa mkia, kwa sababu papa hana mbavu za kushika viungo vyake vya ndani, na uzito wake mwenyewe huvirarua pamoja na maungio ya uti wa mgongo. Asiingizwe vidole kwenye nyufa za matamvua. Ikibidi apandishwe chomboni, watu wawili wamchukue, mmoja nyuma ya mapezi ya ubavuni na mmoja kwenye shina la mkia. Macho yafunikwe kitambaa kilicholowa, amwagiwe maji ya bahari mdomoni, na yote yasizidi dakika tatu. Anaporudishwa ashikwe amesimama sawasawa, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka apige mkia mwenyewe. Kumsukuma huku na huku kama anayesafisha nguo, jambo tunaloliona sana kwenye video, humwingiza maji kwa nyuma ya matamvua na hakumsaidii kitu.

Ombi la tatu ni la daftari. Leo papa akifika diko huandikwa kilo na bei. Kilo haimwambii mtu kama tunakula watoto au wazazi. Tunaomba daftari liongezwe mambo manne tu, maana yakizidi hapo hayataandikwa: aina, urefu kutoka ncha ya pua hadi ncha ya tawi la juu la mkia, jinsia, na kovu la kitovu kwa wadogo. Jinsia inaonekana wazi, dume ana vijiti viwili nyuma ya mapezi ya tumbo. Vikiwa vigumu ameshabaleghe, vikiwa laini bado. Kwa aina, kila diko lipewe ubao wenye picha na rula ya mita mbili iliyochorwa kwenye ubao wenyewe. Makosa yatakuwa kwenye ncha nyeusi, kwa sababu wako papa wengine wenye weusi kwenye mapezi. Yule mwenye pua ndefu iliyochongoka, Carcharhinus limbatus, pezi lake la mgongo halina ule weusi mpana wenye utepe mweupe chini yake. Carcharhinus sorrah weusi wake mkubwa uko kwenye pezi la pili la mgongo, kwenye mapezi ya ubavuni na tawi la chini la mkia. Utepe mweupe ndio wa kutazamwa kwanza.

Daftari hilo halifai kitu iwapo papa anafika akiwa amekatwa. Kwa hiyo mapezi yabaki mwilini mpaka aandikwe. Utumbo utolewe baharini, ini lichukuliwe kwa ajili ya sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo, hayo hayazuii chochote.

Na hapa linaingia jambo ambalo si hiari. Novemba 2022, wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, waliokutana Panama waliiingiza familia nzima ya Carcharhinidae, na ndani yake aina zetu zote tatu, katika Kiambatisho cha II, na sharti likaanza kutumika tarehe 25 Novemba 2023. Kiambatisho hicho hakikatazi kuvua wala kuuza nyumbani. Kinasema hakuna nyama, pezi wala mzigo mkavu utakaotoka nje ya nchi bila ya kibali, na kibali hakitolewi mpaka wataalamu wa serikali waoneshe kwa maandishi kuwa biashara hiyo haimmalizi samaki. Gunia la papa mkavu kutoka Pemba kwenda Tanga halihusiki. Gunia hilo hilo likienda Mombasa linahusika, hata likiwa kwenye jahazi na hata likiwa gunia moja. Wafanyabiashara wadogo tunaozungumza nao, wengi wao hawajaambiwa. Tunaona ni dhulma mtu kukamatiwa bandarini mzigo wake kwa sharti ambalo hakuna ofisi iliyolibandika ukutani kwa Kiswahili. Na hayo maandishi ya wataalamu yataandikwa kwa takwimu gani, kama daftari la diko linasema "papa, kilo 40"?

Kupima kama haya yote yanafaa hakuhitaji meli ya utafiti. Fremu ya chuma, kamera ndogo ya maji, fito ya mita moja na nusu yenye mfuko wa kilo moja ya dagaa waliopondwa, kamba na boya. Inashushwa kwenye mwamba dakika 60, ya pili ishushwe si chini ya mita 500 kutoka ya kwanza ili harufu zisichanganyike. Kamera itazame upande mkondo unakokwenda, kwani papa huja akifuata harufu kutoka huko. Ikitazama kinyume watapita nyuma yake. Kinachohesabiwa ni idadi kubwa ya papa walioonekana kwa pamoja katika picha moja, siyo mara ngapi wamepita, vinginevyo papa mmoja mwenye njaa atahesabiwa ishirini. Mishusho 20 ndani ya ukanda na 20 nje, kila mwaka mwezi ule ule na maji ya namna ile ile. Mwaka wa kwanza upimwe kabla kanuni ya jarife haijaanza. Ikipimwa baadaye hakutakuwa na cha kulinganisha.

Wenye hoteli na kampuni za kuzamia watakuletea pendekezo la kulisha papa ili watalii wawaone. Tafadhali likatae. Papa aliyezoea boti kuwa ni chakula huifuata na boti ya mwenye jarife. Pangoni mwa ncha nyeupe wazamiaji wakae mita tatu kutoka mlangoni, wasiuzibe, wasimulike ndani. Boti zisizidi mbili mahali pamoja. Yaliyowapata pomboo wa Kizimkazi, boti kumi zikiwakimbilia kwa zamu, kila mtu ameyaona.

Katika haya yote, lisilogharimu karibu chochote ni ubao wa diko na safu nne za daftari. Tunaomba vianze Wesha, Mkoani na Wete kabla ya kaskazi kuingia, ili mwaka mzima wa makovu ya kitovu uwe umeandikwa wakati kanuni ya mahori itakapofika mezani kwako. Michoro ya ubao na rasimu ya kanuni ya jarife tunazo, tayari kwa Kiswahili, na tutazileta ofisini kwako Pemba siku utakayotuita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wazamiaji, waandishi wa takwimu za madiko na wavuvi wa mshipi,
Pemba.

Nakala: Kamati za Wavuvi za Shehia, Mkondo wa Pemba.